Jivu la kiwandani na vumbi la tofali katika chokaa ya kujengea

Tangu sehemu ya jumba la Beit al Ajaib iporomoke Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, ukarabati wa majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar si suala la urembo tu. Kuta nyingi huko, kama za Lamu, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Zikianza kumomonyoka, wengi hukimbilia lipu ya saruji. Ukuta hupendeza kwa muda, lakini saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na hufungia unyevu na chumvi ndani. Jiwe huliwa taratibu nyuma ya lipu inayoonekana nzima.

Mbona basi chokaa inakwepwa? Inachelewa. Hukaza kwa kunyonya hewa ya kaboni dioksaidi kuanzia nje kwenda ndani, na katika ukuta mnene kazi hiyo huchukua miaka. Palipolowa, kama kwenye msingi, huenda isikaze vizuri kabisa.

Dawa yake ni ya zamani. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Naples. Kwingine walisaga matofali na vigae. Wahindi huliita vumbi hilo surkhi. Ndani yake mna silika na alumina ambazo, zikikutana na chokaa na maji, hushikana na kukaza hata pasipo hewa.

Silika hiyo imo pia katika taka zinazotupwa: jivu la pumba za mpunga, jivu la makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari, jivu la makaa ya mawe, na matofali yaliyovunjika. Tena chokaa huchomwa kwa nyuzijoto 900 hivi, ilhali saruji huhitaji takriban 1,450.

Ila si kila jivu linafaa. Pumba zikiungua kwa moto mkali mno, silika hugeuka fuwele na kuwa vivu. Jivu jeusi lina kaboni isiyoungua, nayo hunywa maji ya mchanganyiko. Jivu lenye chumvi ndilo baya zaidi, kwani linaurudishia ukuta ugonjwa uleule. Lisagwe laini kama unga, litiwe kidogo, na fundi ajaribu kwanza kwenye kipande kimoja cha ukuta, angoje masika yapite.