Si Maji Yaliyowaua

Sijui ni nani aliyewafundisha watu wetu kwamba vita hupangwa kwa daraja, lakini kila nikaribishwapo barazani, iwe Chake Chake au Wete, na kila nimalizapo darasa, swali huwa ni lile lile: "Maalim, katika vita vyote vya dunia, ni vipi vilivyoua watu wengi zaidi?" Nikijibu kwamba ni Vita Vikuu vya Pili, ambavyo inakadiriwa viliua watu baina ya milioni 70 na milioni 85, wengi wao wakiwa raia wasiobeba silaha, hufuata swali la pili, "Na kwetu huku?", na hapo hawangoji tena jibu langu, kwa kuwa wanalo lao tayari: kwetu ni Majimaji, vita vya watu wa kusini mwa bara dhidi ya utawala wa Wajerumani, na watu wale waliangamia kwa kuamini ya kuwa risasi za Mjerumani zitageuka maji.

Nusu ya kwanza ya jibu hilo yajadilika. Nusu ya pili ni uzushi, na ni uzushi wenye mwenyewe.

Mganga aliyeigawa dawa ile ya maji, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905, majuma mawili tu baada ya watu wa Umatumbi kung'oa miche ya pamba ya serikali, ilhali vita vyenyewe vikaendelea mpaka mwaka 1907. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliliendea boma la Mahenge mchana kweupe, wakafyekwa na bombomu kwa mamia, na hilo ndilo tukio ambalo wenye kuhadithia kisa cha maji hulishika na kuliganda, kana kwamba vita vyote vilikuwa siku ile moja. Walakini kama itikadi ya maji ndiyo iliyokuwa ikiwaua, basi ingetosha siku hiyo kuifisha, na kwa hakika iliififisha sana: haukupita muda wapiganaji wakaacha kukabili boma uwanjani, wakaingia mwituni, wakawa wanashambulia kwa kuvizia na kutoweka, jambo asilolifanya mtu anayedhani kwamba risasi haimwingii. Waliopigana mwaka 1906 walijua vizuri kabisa risasi ni nini, na walipigana vivyo hivyo.

Tazama sasa hesabu, maana hapa ndipo uzushi unapovunjika miguu. Wajerumani wenyewe walikiri vifo vya Waafrika 75,000. Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee wa kusini katika miaka ya 1960, alikadiria baina ya 250,000 na 300,000, yaani karibu thuluthi ya wakaazi wa nchi ile. Kwa upande wa serikali walikufa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi 316. Mapigano makubwa ya uwanjani yalikuwa machache, na yale mabaya kupita yote yaliua mamia. Nani atanionyesha namna ya kujumlisha mamia machache hata yakazaa laki mbili na nusu? Na ajuza wa Ungoni, na mtoto mchanga wa Upogoro, ambao hawakulikaribia boma la mtu, walikufa kwa kuamini nini?

Walikufa kwa njaa, na njaa hiyo haikushuka mbinguni. Mwezi wa Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana wake, Gustav Adolf von Götzen, kwamba ni njaa na dhiki peke yake zitakazowatiisha watu wale kabisa, na shauri hilo likafuatwa kwa bidii: vikosi vikazunguka vikichoma vijiji, vikiteketeza mazao shambani, vikizoa nafaka ghalani pamoja na mbegu ya msimu ujao, mpaka nchi iliyokuwa ikilisha watu ikabaki kichaka cha nyati na tembo, na sehemu kubwa ya kichaka hicho baadaye ikatiwa katika pori la akiba la Selous. Gavana yule yule ndiye aliyeiandikia dunia kwamba chanzo cha fitina ni ushirikina na waganga, kwani angekiri kwamba chanzo ni pamba ya shuruti, kodi na kiboko, ingekuwa amejishitaki mwenyewe. Basi anayeniambia leo, tena kwa huruma, kwamba maskini waliuawa na maji yao, amebeba utetezi wa gavana miaka zaidi ya mia baada ya kesi, wala hakulipwa hata ujira wa uwakili.

Nimekaa sana hapo kwa sababu kosa hilo ndilo mama wa makosa mengine yote ya kulinganisha vita. Msomaji huvihesabu vita kwa milio ya bunduki, hali mauti yake mengi hayana mlio. Vita Vikuu vya Kwanza huku kwetu hufundishwa kama hadithi ya kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, na ujanja wake wa kukimbia mpaka akasalimu amri Abercorn, katika Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Lakini Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wapatao milioni moja, na Zanzibar nayo ikatoa fungu lake, na katika hao walikufa zaidi ya 95,000, aghalabu kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga usioiva. Ugogo, ambako majeshi yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, ukame ulipokuja ulikuta vyungu vitupu, na njaa ya Mtunya inakadiriwa kuwa iliua watu 30,000 katika 150,000. Nani huwatia hao katika orodha ya vita? Vita vya Kongo vilivyozuka 1998 ni vivyo hivyo: shirika la International Rescue Committee lilikadiria vifo vya ziada milioni 5.4 hadi mwaka 2007, na waliouawa kwa silaha hawakufika mmoja katika kila kumi. Wataalamu wengine wameipinga hesabu hiyo kwa nguvu, wakihoji kiwango cha vifo vya siku za amani kilichotumiwa kupimia ziada, na ubishi huo una faida kwa msomaji kuliko tarakimu yenyewe.

Na wapo wanaokuja na uasi wa An Lushan wa China, wa mwaka 755 mpaka 763, wakisema uliua watu milioni 36, kwa kuwa daftari la dola lilikuwa na watu milioni 52.9 kabla na milioni 16.9 baada. Sheha akikimbia shehia yake na daftari likaozea mvuani, je, watu wote wa shehia wamekufa?

Hata vita vyetu vya Unguja na Waingereza vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyoanza saa tatu asubuhi na dakika mbili, vikamalizika kabla ya saa nne, havina hesabu safi: ile 500 inayotajwa kwa watu wa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekishika kiti cha usultani, ni ya waliokufa na waliojeruhiwa kwa pamoja, na wengi huikariri kama ya maiti watupu.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha na alinganishe, ila kwa adabu zake. Uliza tarakimu imehesabu maiti wa risasi au na wa njaa na maradhi. Imeanza mwaka gani na kuishia wapi. Ni sehemu gani ya wakaazi, kwani laki mbili za kusini si sawa na laki mbili za China. Chukua chini na juu ya kadirio, usichukue nambari moja. Ujue ni nani aliyehesabu na alikuwa na haja gani. Ukitaka nyaraka, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Na kama babu wa baba yako alichukuliwa kubebeshwa mizigo bara asirudi, usinipigie simu kuniuliza vita gani vimeshinda: andika jina lake, kijiji chake, na mwaka aliochukuliwa kama wazee wanaukumbuka, upeleke huko, kwa maana wapagazi wengi hawakuandikwa popote ila nambari.