Rolex GMT au Omega Speedmaster? Hii ndiyo saa inayomfaa msee wa Airport, Mombasa

Kwanza tuweke rada sawa. Hii story si ya rolex ya Uganda, ile chapati iliyoviringishiwa mayai. Tunaongelea Rolex ya mkononi, ile ya bei ambayo wengine hununulia ploti, pamoja na mpinzani wake wa miaka mingi, Omega.

Na kwa nini tunaiongelea tukiwa wadi ya Airport, Changamwe? Kwa sababu watu wa huku wanaishi na masaa mawili kichwani. Kuna mabaharia wanaokaa melini miezi kadhaa. Kuna madada na makaka walioenda kuhustle Gulf. Kuna wafanyabiashara wa kuingia na kutoka Dubai, na tangu Januari 2024 flydubai ilipoanza kutua Moi International, hiyo safari imekuwa rahisi zaidi. Wengi wao hupitia maduka ya saa wakirudi home, wakiwa na ganji mfukoni baada ya kumaliza kontrakti.

Sasa chukua baharia mmoja ambaye ameweka akiba miaka miwili. Anataka kuanza mkusanyiko wake wa saa kali, lakini doo yake inatosha saa moja tu. Mbele yake kuna Rolex GMT-Master II na Omega Speedmaster Professional. Achukue gani?

Elewa kitu unachonunua

Ukweli mchungu ni huu: Casio ya plastiki ya bei rahisi inaweza kushika saa vizuri kuliko hizi mbili zote. Rolex yenyewe inakuahidi tofauti isiyozidi sekunde 2 kwa siku, mbele au nyuma. Omega inaruhusu kati ya sekunde 0 na 5 mbele kwa siku. Casio yako hupoteza sekunde kama hizo kwa siku kadhaa, maana inatumia betri na jiwe la quartz.

Hizi kali hazina betri. Ni springi na magurudumu madogo ya meno, yanasukumana usiku na mchana. Msee hanunui saa ya aina hii kwa sababu ya kujua saa. Ananunua ufundi na historia. Ukishaelewa hapo, hutadanganywa na muuzaji yeyote.

Rolex GMT: saa ya wasafiri

Hii ilitoka 1955, enzi ambazo ndege za kampuni ya Marekani ya Pan Am zilikuwa zinavuka bahari na marubani wakawa wanahitaji kuona saa za sehemu mbili kwa mpigo. Rolex ikaongeza mshale wa nne, unaozunguka uso mara moja kwa masaa 24, na pete ya nje yenye namba hadi 24. Mwaka wa 1982 ikaja GMT-Master II, ambayo mshale wake wa saa unaruka lisaa limoja limoja bila kusimamisha sekunde.

Kwa baharia hii si urembo. Anauacha mshale wa 24 kwenye saa za Mombasa, halafu meli ikifika Singapore anarusha ule mwingine masaa matano mbele. Akitupa jicho anajua kama mama watoto Magongo amelala ama yuko jikoni, kabla hajapiga simu na kuamsha nyumba nzima saa nane usiku.

Na kuna ujanja ambao vitabu vya maelezo havitakwambia. Mshale wa 24 ukiwa kwenye saa za Mombasa, zungusha ile pete ya nje robo mzunguko kwenda kulia. Sasa mshale unasoma saa za Kiswahili! Ikiwa 07:00, pete inakuonyesha 1, yaani saa moja asubuhi. Ikifika 19:00 itaonyesha 13. Toa 12, unabaki na saa moja ya usiku. Hesabu yenyewe ni rahisi: saa zetu ziko nyuma ya saa za kizungu kwa masaa sita. Ndiyo maana pia zinalingana na saa za Rio de Janeiro. Yaani ukimuuliza bibi yako saa ngapi, anakujibu kama mtu wa Brazil. Noma sana.

Omega Speedmaster: saa ya mwezini

Hii ni ya 1957 na ilianza kama saa ya mbio za magari. Ni kronografu: ina vitufe pembeni vya kuanzisha na kusimamisha mshale wa kupima muda. Machi 1965 NASA iliipitisha kwa safari za anga baada ya kuitesa kwa joto, baridi, mtikiso na shinikizo. Julai 1969 ikafika mwezini mkononi mwa Buzz Aldrin. Neil Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo kwa sababu saa ya umeme ya chombo hicho ilikuwa imeharibika.

Aprili 1970 ndiyo ikaonyesha kazi. Apollo 13 ilipopata ajali angani na mitambo kuzimwa ili kuokoa umeme, wanaanga walihitaji kuwasha injini kwa sekunde 14 tu ili kurekebisha njia ya kurudi duniani. Walizihesabu kwa Speedmaster, na wote watatu wakarudi wazima.

Sisi Wakenya pia tuna kumbukumbu na Omega. David Rudisha alipovunja rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91, waliokuwa wanapima muda ni Omega.

Tofauti ambayo utaisikia kila asubuhi ni ufunguo. Speedmaster ya kawaida hutiwa ufunguo kwa mkono na hukaa kama masaa 50. GMT ya siku hizi hujitia ufunguo yenyewe ukiwa unatembea, na ukiivua inadumu kama masaa 70. Kuna wapenzi wa saa ambao dakika hiyo moja ya kutia ufunguo ndiyo raha yao yote. Wengine wataona ni kazi bure.

Chumvi, jasho na maji

Pwani si Uswizi. GMT imepewa kiwango cha mita 100 na kitufe chake cha pembeni kinafungwa kwa kukazwa kama skrubu. Speedmaster ni mita 50, na kitufe chake hakikazwi. Mvua na kunawa ni sawa, lakini usiende nayo kupiga mbizi, na usibonyeze vile vitufe ukiwa majini. Ukitoka baharini na GMT, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mkanda wa ngozi sahau kabisa; jasho la Mombasa litauoza. Chukua cheni ya chuma.

Tuongee doo

Speedmaster mpya huanzia maelfu kadhaa ya dola. GMT ya chuma inazidi dola 10,000, hiyo ni zaidi ya milioni moja ya Kenya. Lakini shida ya GMT si bei ya dukani. Ni kuipata. Maduka rasmi yana foleni za kusubiri, na wachuuzi wa pembeni huiuza juu ya bei ya duka. Speedmaster nyingi zinapatikana, na ikiwa imetumika huuzwa chini ya bei ya mpya.

Usiamini anayekwambia Rolex hupanda bei kila siku. Bei za mitumba ya saa zilipaa hadi mapema 2022, halafu zikaporomoka. Kuna watu waliingia juu kabisa na bado wanaumia.

Kingine ni feki. Watu wa Pwani wenye jamaa Oman huenda wamesikia kuhusu Rolex zenye alama ya khanjar, jambia la Kiomani. Sultan Qaboos, aliyeingia madarakani 1970, aliagiza saa za aina hiyo ili kuwazawadi watu. Leo wakusanyaji wanazitafuta sana, na hapo ndipo matapeli wanapopaka jambia kwenye saa ya kawaida. Bila makaratasi yake, hiyo ni hadithi tu.

Ukitua Moi International na saa mpya, itangaze kwa KRA na uwe na risiti. Ikizidi kiwango cha abiria, kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Weka hiyo kwenye bajeti kabla ya kulipa dukani. Na ukisafiri tena ukiwa umeivaa, beba nakala ya risiti uonyeshe kwamba ulitoka nayo.

Basi gani?

Kama maisha yako ni meli, ndege na simu za mbali, na duka rasmi limekupa kwa bei yake halisi, chukua GMT bila kufikiria mara mbili. Ni chombo chako cha kazi na maji hayaiogopeshi.

Kama unaambiwa uongeze laki kadhaa juu ili uruke foleni, mwache mchuuzi na GMT yake. Chukua Speedmaster. Utapata historia nzito kwa doo kidogo, na chenji itakuwa ya kuipeleka kwa fundi, maana kronografu ina vipuri vingi na usafishaji wake si wa bei ya mtaani.

Na kama hiyo ganji ndiyo fees ya watoto ama msingi wa nyumba ya mathe, buda, Casio inakutosha. Saa hizi zimetengenezwa tangu 1955 na 1957. Kontrakti ijayo ikiisha, utazikuta bado zipo.