Nususpishi Sharti Iwe na Kwao

Penye mimea ya utomvu mweupe, Kilwa Masoko hadi Lindi, huruka polepole kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa yake ya mbele nyeusi, zenye mkanda mweupe. Ni Danaus chrysippus, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Hana haraka: sumu aliyoila akiwa kiwavi humfanya ndege amkwepe. Ukipanda na pwani kuelekea Kenya na Somalia utazidi kuwaona wengine wasio na weusi huo wala mkanda. Hao huitwa dorippus.

Si spishi nyingine, maana hupandana na wenzao na watoto wao huzaa. Je, ni nususpishi? Vitabu vingi vimesema hivyo. Lakini nususpishi sharti iwe na kwao, eneo ambalo karibu wote wana sura hiyo. Sura mbili zikiishi pamoja kizazi baada ya kizazi, hayo ni maumbo tu. Dorippus anatutatiza kwa sababu kwao anako, ila ukanda wa mchanganyiko ni mpana mno, unapita Kenya, Uganda na Tanzania. Vinasaba navyo vimeonyesha kwamba tofauti zimejikusanya katika sehemu chache za kromosomu. Kwingineko damu imechanganyika. Kwa maoni yangu, jina la nususpishi hapa linatueleza ramani kuliko ukoo. (Maeneo ya Nairobi kuna pia bakteria, Spiroplasma, anayeua madume wangali mayaini, kwa hiyo hata kuhesabu sura huko ni kazi ya mashaka.)

Macho hudanganywa zaidi na kipepeo mwingine, Papilio dardanus wa misitu ya pwani. Dume ni wa manjano, mwenye mikia. Majike wa huko hawana mikia, na huiga vipepeo wenye sumu wa namna mbalimbali. Mmojawapo humwiga huyohuyo chrysippus. Zamani waliandikwa kama spishi tofauti, hadi Roland Trimen alipowaunganisha mwaka 1869. Hoja kama hiyo humalizwa na ufugaji: mayai ya mama mmoja hutoa mabinti wa sura mbili au zaidi.

Majike hao wa sura nyingi, pwani yetu, wote ni nususpishi moja, tibullus. Vuka bahari hadi Ngazija, utamkuta humbloti, ambaye jike wake ana mikia na manjano kama dume. Huko jina la nususpishi silibishii.