Taa ya Kukuonya Maji ya Rejeta Yanapopungua

Wakulima, msimu wa kulima ni mfupi. Trekta likilala gereji majuma mawili, mvua haitakungoja. Na mara nyingi chanzo chake ni kidogo tu: mpira wa rejeta umetoboka, maji yamevuja, na dereva hana habari mpaka injini imekwama.

Wengine huuliza, "Lakini geji ya joto ipo, mbona haikuonya?" Sababu ni hii. Kipimo cha geji hukaa ndani ya maji, nacho hupima joto la maji hayo. Maji yakishuka chini yake, kipimo hubaki hewani, na mshale waweza kuonyesha kuwa hakuna hatari huku chuma kinaungua. Kwa hiyo yafaa tuwe na kitu cha kuangalia maji yenyewe.

Kitu hicho fundi wa redio aweza kukuundia. Vifaa vyake ni hivi:

1. Transista moja ya BC517.
2. Rezista moja ya ohmu milioni 1.
3. Taa nyekundu ya LED ya volti 12.
4. Bolti ndogo isiyoshika kutu, na mpira wa kuizuia isiguse chuma cha rejeta.
5. Fyuzi ndogo na waya.

Bolti hufungwa katika tangi la juu la rejeta, chini kidogo ya usawa wa kawaida wa maji. Waya wake huenda kwenye mguu wa besi wa transista. Rezista huunga besi hiyo na umeme wa swichi ya ufunguo, kupitia fyuzi. Taa hufungwa kati ya umeme huo na mguu wa kolekta. Mguu wa emita hufungwa kwenye bodi ya trekta, na rejeta nayo iungwe kwa waya na bodi.

Kazi yake ni rahisi. Maji hupitisha umeme kidogo, hewa haipitishi. Bolti ikiwa majini, umeme wa besi hupotelea kwenye bodi, na taa huzimika. Maji yakishuka, umeme huo huingia katika transista, na taa huwaka. Hata waya wa bolti ukikatika, taa itawaka. Kila juma uchomoe waya huo kwa makusudi: taa isipowaka, kifaa kimeharibika.

Mpango huu ni wa trekta ambalo hasi ya betri imefungwa kwenye bodi. Matrekta mengine ya zamani ni kinyume, basi mwulize fundi kwanza.

Taa ikiwaka, simama na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, maana mvuke utakuunguza. Wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka. Ngoja ipoe, kisha tafuta panapovuja.

Na hata ukiwa na taa hii, usiache kuangalia maji kila asubuhi kabla ya kuwasha injini.