Shamba la Ndugu Denhardt Katika Nchi ya Witu

Msafiri avukaye kutoka Lamu kwenda bara na kushika njia ya Garsen hufika Witu, mji mdogo uliozungukwa na mashamba na msitu. Wapitao hapo hawakumbuki sana kwamba hati ya ardhi ya mahali hapo iliwahi kuzigombanisha Unguja na Ujerumani.

Zamani Witu ilikuwa makao ya Sultani Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba. Yeye alikuwa wa ukoo wa Nabahani, watawala wa kale wa Pate, na alihamia bara kwa sababu ya vita na Unguja. Watu wengi walimfuata, na miongoni mwao walikuwamo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Haja yake kubwa ilikuwa kupata rafiki mwenye nguvu wa kumkinga na Sultani wa Unguja.

Alidhani amempata rafiki huyo kwa Clemens Denhardt, Mjerumani aliyesafiri katika Mto Tana mwaka 1878. Tarehe 8 Aprili 1885, Simba aliwapa Clemens na nduguye Gustav ardhi ya maili mraba 25. Hati ilikuwa ya ardhi, lakini bendera ilifuata nyuma yake: tarehe 27 Mei, Ujerumani ilitangaza ulinzi wake juu ya Witu. Sayyid Barghash wa Unguja alipinga, lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wake, naye akalazimika kukubali.

Ulinzi huo haukudumu. Tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani iliiachia Uingereza nchi ya Witu katika mapatano yaliyoipa kisiwa cha Heligoland. Watu wa Witu hawakuulizwa. Simba alikuwa amekwisha kufa, na Fumo Bakari ndiye aliyetawala. Mwezi wa Septemba Mjerumani Andreas Küntzel, aliyekuja kupasua mbao, aligombana na watu wa mji, akauawa pamoja na wenzake kadhaa. Mwezi uliofuata majeshi ya Kiingereza, chini ya Amirali Fremantle, yaliuteka mji na kuuchoma moto.

Clemens Denhardt alifariki akiwa ameipoteza Witu zamani. Lakini hasara ya wenyeji ilikuwa kubwa zaidi. Simba alitoa ardhi ili apate ulinzi. Walinzi wakaubadilisha ulinzi huo kwa kisiwa cha mbali, na mji wake ukateketea.