Fahamu: Shahada ya uandishi wa habari kwa njia ya mtandao

Ni nini?
Ni shahada ya uandishi wa habari na mawasiliano ya umma inayosomwa kupitia intaneti: mihadhara, majadiliano na kazi za kozi. Mwanafunzi anaweza kuwa Kigoma, mhadhiri wake Dar es Salaam.

Kwa nini inazungumzwa?
Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari. Wengi waliojifunzia kazi kazini walihitaji kusoma bila kuacha ajira. Shahada ni ngazi ya juu kuliko stashahada.

Mafunzo ya vitendo je?
Kuandika na kuhariri sauti au video huweza kufanyika kwa simu na kompyuta. Lakini kumhoji shahidi eneo la tukio, au kusoma taarifa studioni muda ukiyoyoma, hujifunzwa redioni au gazetini.

Kabla ya kulipa ada
Hakikisha chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tume hiyo pia hutathmini shahada za nje. Uliza mitihani inafanyika wapi.