Kipunji wa Rungwe na Ndundulu

Kipunji ni kima mkubwa wa misitu ya milimani anayepatikana Tanzania peke yake, na hata Tanzania kwenyewe anaishi sehemu mbili tu. Sehemu ya kwanza ni misitu ya Mlima Rungwe na ya Livingstone upande wa Mbeya, inayopakana na uwanda wa Kitulo. Ya pili ni msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa, mkoani Iringa. Kati ya sehemu hizo kuna takriban kilomita 350 za mashamba, miji na nyika ambazo mnyama huyu hawezi kuzivuka. Sokwe wa Gombe na Mahale, wanaojulikana dunia nzima, wana jamaa zao katika misitu mingi hadi Afrika Magharibi. Kipunji hana wenzake kwingine kokote.

Kiwiliwili chake hufikia sentimita 90, na mkia wake huzidi mita moja. Uso ni mweusi, manyoya ya mwili ni marefu ya rangi ya kahawia na kijivu, na utosini amesimamisha kishungi kinachomtambulisha hata kwa mbali. Manyoya hayo ana kazi nayo: kule Rungwe na Livingstone anaishi kati ya mita 1,750 na 2,450 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa kipupwe barafu huweza kuganda juu ya majani. Hula majani, matunda, maua, magome, kuvu na wadudu, na miongoni mwa miti anayoitegemea sana ni Macaranga capensis. Mlio wake ni mzito na wa chini, kama mbweko uliochanganyika na honi, na haufanani na wa kima mwingine yeyote.

Wawindaji wa Kinyakyusa walimfahamu siku nyingi, na jina ni lao. Ila kwa kuwa ni mnyama mwoga anayekaa ndani ya msitu mnene, si kila mwanakijiji aliyepata kumwona, na wapo waliodhani ni kiumbe wa hadithi tu. Mwaka 2003 watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walifuatilia simulizi hizo hadi wakamwona. Mwaka 2004 watafiti wengine, akiwemo Trevor Jones, walikutana naye Ndundulu bila kujua habari za Rungwe. Makundi hayo mawili yakaungana, na mwaka 2005 maelezo ya kisayansi yakachapishwa katika jarida la Science. Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga ni miongoni mwa walioyaandika. Walitumia picha badala ya mzoga, kwa sababu hawakuwa tayari kumuua mnyama adimu kiasi hicho ili wapate kielelezo.

Kielelezo kilikuja kwa njia ya kusikitisha. Dume ambaye hajakomaa alinaswa na kufa katika mtego uliotegwa shambani kuzuia wanyama wasile mahindi karibu na Rungwe. Mwanzoni kipunji alikuwa amewekwa pamoja na kima waitwao mangabi. Mifupa na vinasaba vya dume huyo vilionyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani, ingawa si nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika katika miaka 83. Vipimo vya baadaye viligundua kwamba kipunji wa Rungwe wamebeba vinasaba vya nyani, dalili kuwa zamani waliwahi kuzaliana nao, ilhali wale wa Ndundulu hawana. Kwa hiyo kundi moja likitoweka, lililobaki haliwezi kuziba pengo lake.

Sensa iliyotolewa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117: Rungwe na Livingstone 1,042, Ndundulu 75. Eneo wanalolitumia hasa, ukijumlisha pande zote mbili, lilikuwa kilomita za mraba 17.69. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, likamweka katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka.

Msitu wa Rungwe na Livingstone umemegwa pole pole kwa shoka, msumeno na jembe. Wapasua mbao walichagua miti mikubwa. Wachoma mkaa na wakata mianzi wakafuata njia zilizokwisha funguliwa. Madhara yake hayaishii kwenye miti iliyoangushwa. Kipunji hupita juu, tawi hadi tawi, na anategemea vilele vya miti vishikane. Vilele vikiachana, hulazimika kushuka chini, ambako mbwa wa wawindaji na chui humpata kwa urahisi. Akibaki juu kwenye mti uliosimama peke yake, tai humwona. Tena msitu ukipungua chakula, hutoka kwenda shambani. Mkulima wa mlimani anayetegemea ekari moja ya mahindi hana namna ya kuvumilia hasara hiyo, na hapo ndipo mitego ya magogo hutegwa. Lawama zote haziwezi kumwangukia mkulima: ukataji miti na mitego ni tatizo moja lenye ncha mbili.

Mahali pa hatari kuliko pote ni Bujingijila, ushoroba mwembamba unaounganisha msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone. Umeliwa na mashamba na ukataji miti kiasi kwamba karibu hauunganishi tena. Ukikatika kabisa, kipunji wa Rungwe watabaki kisiwani, wakizaliana wenyewe kwa wenyewe.

Hatua zilizochukuliwa si ndogo. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 ikijumuisha msitu wa Livingstone. Mlima Rungwe ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009, na leo unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. WCS na vijiji jirani wameshirikiana katika doria, elimu mashuleni, vitalu vya miche na upandaji wa miti ya asili, Bujingijila ikiwa miongoni mwa maeneo hayo. Vitalu vina faida ya pili: familia inayopata kuni na mbao kutoka kwenye miti iliyopandwa haina haja ya kuingia msituni. Mwaka 2019 IUCN ilimshusha kipunji daraja moja la hatari, na sensa ya pili ikaonyesha kwamba idadi yake imepanda na kukaribia 2,000. Ni nadra kima aliye hatarini kuongezeka hivyo katika muda mfupi, na sifa nyingi ziwaendee wanavijiji waliokubali kubadilisha mazoea.

Ndundulu ni habari nyingine. Msitu wake, ulio ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero, uko katika hali nzuri kuliko wa Rungwe. Ndimo pia alimogunduliwa kwale wa Udzungwa mwaka 1991. Hata hivyo kipunji wake ni wachache mno. Wanaishi chini kidogo, kati ya mita 1,300 na 1,750, katika makundi madogo kuliko ya Rungwe. Kundi dogo kiasi hicho linaweza kumalizwa na maradhi ya msimu mmoja au na wawindaji wachache wanaorudi mara kwa mara, na hakuna ushoroba wa kuliunganisha na jingine. Huko kupanda miti hakutoshi. Kinachohitajika ni doria za kudumu upande wa wilaya ya Kilolo, kuwahesabu tena na tena kwa muda mrefu, na kuwapima vinasaba ili ijulikane kama wanazidi kufanana kwa kuzaliana wao kwa wao.